Boti ya faiba kwa Ghuba ya Winam: tuambie mzigo kwanza, injini baadaye

Picha tunazotumiwa kwenye WhatsApp siku hizi zinafanana: boti nyeupe inayometameta, usukani katikati, sitaha ya mbele imeinuliwa, na mtu amesimama juu yake akirusha ndoano. Chini yake swali ni moja, "Fundi, hii itanifaa Dunga?" Dunga ni bichi ya wavuvi hapa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Jibu letu huwa refu kuliko swali, kwa hivyo tumeliandika hapa ili mteja akifika karakana ajue tayari tutamuuliza nini.

Boti za aina hiyo, tunazoziita boti za ghuba, zilibuniwa kwa ajili ya ghuba na maji ya kina kifupi ya pwani ya kusini ya Marekani, kuanzia Texas na Louisiana hadi Florida. Nyingi zina urefu wa futi 18 hadi 24, tumbo la umbo la V isiyo kali, na huelea hata kwenye maji yasiyofika magotini. Kwa hayo tu, anayesema zinaifaa Ghuba ya Winam hajakosea. Upande huu wa Kisumu kina ni mita chache, upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi yaliyosongamana, na gugumaji likisukumwa ufuoni unahitaji chombo kisichozama sana na mashine unayoweza kuinyanyua upesi. Tumbo lake tunalikubali. Tunachobishana nacho ni uzito, ukubwa wa injini na mpangilio wa sitaha.

Kuhusu tumbo, tazama pembe ya V pale nyuma, si pale mbele ambapo kila boti imechongoka. Tumbo bapa halina pembe. Boti za ghuba huwa na nyuzi 12 hadi 18 hivi, na zile za bahari kuu hupita 20. Tumbo bapa hutulia watu wanne wakisimama upande mmoja kuvuta nyavu, na halili mafuta sana. Lakini jaribu kutoka Kisumu saa nane mchana kuelekea Asembo Bay, upepo wa ziwani ukikupiga usoni: kila wimbi linagonga sakafu, na jioni mgongo unakudai. V kali nayo hukata wimbi vizuri ila huyumba ikisimama, na hutaka injini yenye nguvu zaidi. Kwa anayevua ndani ya ghuba tunapendekeza V ndogo, nyuzi 10 hadi 14, na mbavu pana.

Anayepita Mbita kuingia ziwa kuu, akitafuta mbuta (sangara) upande wa visiwa vya Remba na Ringiti, asiutumie ushauri huu. Kule dhoruba hupiga usiku na alfajiri, wakati yeye yuko kazini, na futi 18 ni chache mno. Tungemtaka aanzie futi 26, omo iwe juu, kingo ziwe ndefu.

Uzito na mafuta

Hapa ndipo wateja wengi wanapopotelewa na pesa. Boti ya ghuba ya futi 22 ina karibu tani moja ikiwa tupu: bila injini, bila mafuta, bila watu. Imeundwa ipate kasi, iinuke, iteleze juu ya maji, na ili iinuke huhitaji injini ya nguvu-farasi 115, 150 au zaidi. Mashine tulizozizoea bichi zetu ni za 15, 25 na 40. Injini ya 150 ikikazwa kabisa hunywa karibu lita 50 kwa saa. Ile ya 40 hunywa karibu lita 15. Piga hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya leo, halafu tazama samaki wa wiki iliyopita wamekuletea ngapi.

"Basi nitaifunga ya 40 tu," mteja hujibu. Inawezekana, lakini tumbo lililotengenezwa kuteleza likikosa nguvu ya kuteleza huenda vibaya: omo inapanda, nyuma inazama, boti inakokota maji nyuma yake na mafuta yanaungua bure. Kwa mwendo wa polepole mashua ya mbao, nyembamba na ndefu, huipita kwa uchumi. Mvuvi wa nyavu hana haja ya chombo kinachoruka. Anataka kinachoenda kwa utulivu kikiwa kimejaa, na hilo huhitaji umbo refu, jembamba kiasi, lisilo zito.

Ndiyo maana tunauliza mzigo kabla ya jambo lingine. Watu wangapi? Nyavu zina uzito gani zikiwa zimelowa (zikiwa kavu usituambie, hazisaidii)? Barafu unabeba? Samaki wa siku nzuri ni kilo ngapi? Mwenye vizimba vya kufugia ngege (tilapia) hubeba magunia ya chakula kwenda na samaki kurudi, kwa hivyo boti yake ni ya mizigo, sakafu bapa, bila madoido. Mwenye hoteli Rusinga anayepeleka wageni wawili watatu kuvua mbuta kwa fimbo, huyo ndiye boti ya kwenye picha inamfaa barabara, na anaweza kulipisha wageni mafuta yake.

Kuna jambo jingine ambalo broshua za kutoka ng'ambo hazilitaji, kwa sababu huko hawana haja nalo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hivyo ile 40 iliyojaribiwa Mombasa ikakufurahisha, ikifika Kisumu inafanya kazi ya 35 hivi. Naivasha ni juu zaidi, na wateja wa upande wa Nakuru huliona hilo mapema. Watu hukimbilia kununua injini kubwa, ilhali mara nyingi propela ndiyo ya kubadilishwa. Propela ina namba mbili za inchi: ya kwanza ni upana wake, ya pili ni umbali ambao ingesogea katika mzunguko mmoja. Namba ya pili ikipungua kwa inchi moja, injini huongeza mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika na kupumua vizuri zaidi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sitaha

Sitaha ya mbele iliyoinuliwa ni ya mtu anayerusha ndoano mchana kweupe. Mvuvi wa wavu akisimama pale usiku, mvua inanyesha, faiba imelowa na haina ukingo wa kumzuia, ni suala la muda tu. Vishikio vya fimbo, vyuma vya kufungia kamba na vifuniko vyenye bawaba vyote hunasa wavu. Ukiagiza boti kwetu kwa kazi ya nyavu, tunaacha kingo laini kabisa na vyuma tunavizamisha.

Kitu kimoja tungekiiba kutoka kwa Wamarekani bila aibu: tangi la maji yanayozunguka la kuwekea chambo hai. Wavuvi wa ndoano za kamba ndefu wanaotumia mumi (kambare) wadogo wanajua hasara ya kufika mahali pa kutega na ndoo ya chambo wafu. Tangi dogo, pampu ndogo ya betri, basi.

Namna ya kuikagua boti ya faiba

Iwe mpya au ya mkono wa pili, anzia nyuma, kwenye ubao wa kufungia mashine. Kwa boti nyingi ndani ya faiba ile kuna plaiwudi, na plaiwudi hiyo ikiingiwa na maji kupitia tundu moja la skrubu huoza kimya kimya huku nje ikiendelea kung'aa. Chukua sarafu ya shilingi ishirini, gonga sentimita kwa sentimita. Mahali pazima hutoa mlio mkavu, wa juu. Palipooza hutoa mlio butu, kama unagonga ukuta wenye unyevu. Kisha inua mashine, iegemee kwa uzito wako wote, na mwambie mwenzako aangalie pembe za juu za ubao. Nyufa ndogo zikifunguka na kufunga, rudisha pesa mfukoni. Tumewahi kufungua ubao wa aina hiyo na ndani tukachota unga mweusi kwa kijiko.

Kwa boti inayotengenezwa sasa, omba kipande. Fundi akitoboa tundu la kutolea maji, kile kisahani kinachodondoka ndicho ushahidi wa kila alichofanya. Kitazame ubavuni: tabaka zinaonekana, unene unapimika, na vipovu vya hewa vinajitangaza. Fundi asiyetaka kukupa kisahani hicho ana sababu zake. Nusa pia. Boti iliyokaa wiki kadhaa na bado inatoa harufu kali ya resini, ile gundi inayoshikanisha faiba, huenda haijaiva. Pangusa sehemu ya ndani kwa kitambaa chenye asetoni, na pakinata, dawa ya kuivisha ilikuwa pungufu au baridi na unyevu viliizuia. Muulize iliundwa mwezi gani. Iliyomwagwa katikati ya mvua ya masika chini ya mabati yanayovuja, tunaitilia shaka.

Halafu uliza povu liko wapi. Mashua ya mbao ikijaa maji huendelea kuelea, na wengi wetu tuna ndugu aliyeokoka kwa kuishikilia. Faiba tupu haina huruma hiyo. Ni nzito kuliko maji, na injini huivuta chini kwa nyuma. Marekani kampuni ya Boston Whaler ilijipatia jina mwaka 1961 kwa kuikata boti kwa msumeno vipande viwili mbele ya kamera, na nusu ikaendelea kuelea, kwa sababu katikati ya ngozi mbili za faiba kulijazwa povu gumu. Sheria za huko zinataka boti za injini zilizo chini ya futi 20 zibaki juu ya maji hata zikijaa. Sisi boti haitoki karakana bila povu chini ya sakafu na pembeni, na mteja anayetuomba tuliache ili bei ishuke tunamwelekeza kwingine. Povu nalo lina uzee wake: baadhi ya aina za zamani hunyonya maji, na boti ikawa na mamia ya kilo zisizoonekana. Boti ya mkono wa pili inayokaa chini majini kuliko mstari wake wa rangi, hilo ndilo tatizo lake.

Maji yasiyo na chumvi yana mambo yake. Yanaokoa vyuma, lakini hupenya kwenye rangi ngumu ya nje kirahisi zaidi kuliko maji ya bahari na kuleta malengelenge kwenye boti inayolala majini mwaka mzima. Ivute ufuoni ikauke inapowezekana. Vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye injini kuzuia kutu vimekusudiwa chumvi. Kwenye ziwa letu zinki hujifunika utando na kuacha kufanya kazi, kwa hivyo badilisha uweke vya magnesi. Na kwa kuwa bichi zetu boti huburutwa juu ya mawe, tunaongeza tabaka za faiba na ukanda wa kuchakaa kwenye mkuku. Usipouweka, mawe yatafika kwenye nyuzi za faiba mapema sana.

Tunaulizwa pia kama tunaweza kuifunika mashua ya zamani ya mbao kwa faiba ili ifunge kuvuja. Tunaweza, hatupendi. Mbao zilizolowa miaka yote hazishiki resini, na ubao ukitanuka na kusinyaa ngozi inabanduka, maji yanabaki kati. Pesa hizo zinunue pamba, kalafati na misumari mipya, mashua itakutumikia kwa heshima miaka kadhaa zaidi.

Ukitaka tukufanyie hesabu, tutumie picha tatu: chombo unachotumia sasa kikiwa kimejaa mzigo, ufuo unakotia nanga, na mashine yako ikionyesha namba za propela. Taja umbali unaoenda kwa siku. Usajili, leseni ya uvuvi na ukaguzi wa usalama uanze kuulizia BMU yako (kamati ya usimamizi wa bichi) mapema, na majaketi ya kuokoa maisha yawe sehemu ya bei tangu siku ya kwanza.

Wenye boti za kukarabati, wengi hutuletea Aprili kwa kuwa uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai. Ni wakati wa mvua, na faiba iliyolowa haitibiki. Leteni tu, ila mjue kazi yenyewe huanza Juni. Kabla ya hapo boti yako itakuwa imepinduliwa chini ya paa letu, kizibo kimetolewa, ikikauka. Siku hizo hatuzitozi.