Kiota cha kanga hutazamwa kwa mbali

Mhariri,

Masika yakianza, mashambani huku Njoro, Rongai na Solai hawakosekani watu wanaopekua vichaka wakitafuta viota vya kanga wa porini, simu mkononi. Wakirudi baada ya wiki na kukuta maganda matupu, humlaumu nguchiro. Kumbe nyasi walizokanyaga ndizo zilizomwonyesha njia. Na nyani hahitaji hata njia. Yeye hutazama tu mtu ameinama wapi.

Kiota usikifuate, wafuate ndege. Kiangazi kanga hutembea kundi zima. Mvua ikishika, kundi huvunjika wakawa wawili wawili. Madume hukimbizana, kisha dume humpitia jike ubavuni akiwa amebinua mgongo, utadhani ameficha kibuyu chini ya manyoya. Kwa sura hawatofautiani sana. Sikiliza: mlio wa vipande viwili, unaorudiwarudiwa, ni wa jike.

Kaa mita 50 au zaidi, ndani ya gari au umeegemea mti. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42, yatosha. Asubuhi utaona uchumba, lakini usiondoke mapema, kwa sababu jike hupenda kutaga kuanzia saa tano hivi hadi alasiri. Atajipenyeza nyasini, dume abaki nje akilinda. Andika saa na kichaka alichoingilia, basi. Siku utakapomwona dume peke yake karibu kutwa nzima, jua jike ameanza kuatamia.

Hutaga karibu yai moja kwa siku, kwa kawaida 6 hadi 12. Yakifika 20 na zaidi, huenda majike wawili wamechangia kiota. Haatamii mpaka yatimie, halafu huyalalia siku 24 hadi 28. Hapo ndipo wengi hukosea: mtu hugusa mayai, akayakuta baridi, akadhani yametelekezwa, akayabeba akayaweke chini ya kuku wake. Yai baridi katika siku za kutaga si yai lililoachwa. Wengine husema jike huhama kwa sababu ya harufu ya mkono. Kinachomhamisha ni kufurushwa, hasa kabla mayai hayajatimia na siku za kwanza za kulalia.

Wanaokata nyasi za mifugo nao waanzie katikati ya shamba wakielekea pembeni. Ukianza kwa kuzunguka kingo, ndege hubanwa katikati na kiota husagwa mwishoni.

Vifaranga huondoka na mama yao mapema, mara nyingi ndani ya siku moja baada ya kuanguliwa. Wakishahama, nenda sasa ukakague. Ganda lililokatika mviringo kama kifuniko upande wake mnene limeanguliwa, lililopondwapondwa limeliwa.

Mtazamaji ndege,
Njoro, Nakuru