Mgeni mwenye saa chache Dodoma aachwe atembee mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa Jiji la Dodoma, na madereva wenzangu pia, kuhusu wageni wanaoshuka kwenye treni ya umeme wakiwa na saa chache tu za kukaa mjini kwetu. Tangu Julai 2024 treni hiyo ilipoanza kufika hapa, safari ya kutoka Dar es Salaam iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi sasa huchukua chini ya saa nne kwa ile ya haraka. Mtu anaondoka Dar alfajiri, anafuatilia faili lake wizarani kule Mtumba, anamaliza kabla ya adhuhuri, na tiketi yake ya kurudi ni ya jioni. Hapo katikati anakwenda wapi? Nawaona wengi wanakoishia: kwenye kiti cha stesheni, begi miguuni, simu mkononi mpaka chaji iishe. Wanarudi kwao wakisema Dodoma hakuna kitu. Inaniuma.

Mimi ni dereva wa bajaji, mzaliwa wa Mvumi. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa mbeba mizigo bandarini Malindi, Unguja, na huko nilijifunza namna mtu anavyoweza kuufaidi mji kwa muda mfupi. Meli kubwa za watalii hufika Zanzibar asubuhi na kuondoka jioni. Abiria wake ni wa namna mbili. Wapo walionunua matembezi humohumo melini: wanapandishwa basi, wanamfuata kiongozi aliyeinua kibao chenye namba, wanapelekwa kwenye mashamba ya viungo, wanarudishwa. Na wapo wanaotoka getini kwa miguu yao wenyewe, chupa ya maji mkononi na ramani mfukoni. Mapapasi, wale vijana wanaowinda wageni wa kuwaongoza, huwazonga kidogo pale nje, wao wanashukuru na kuendelea na njia.

Hao wa pili ndio niliowapenda. Waliingia vichochoro vya Mji Mkongwe wakapotea, wala hawakuogopa, kwa sababu ukipotea mle mwisho utatokea Darajani au Forodhani. Walikaa barazani wakanywa kahawa na wazee. Walifika Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, wakasoma maelezo kwa utulivu wao bila mtu wa kuwaharakisha. Na fedha yao iliingia moja kwa moja kwa muuza machungwa, kwa mama wa maandazi, kwa fundi wa makubazi.

Ila wenye basi la meli wana kinga moja: basi likichelewa, meli huwasubiri. Aliyetoka peke yake hasubiriwi. Akikawia, meli inang'oa nanga, naye atajilipia nauli kuifuata bandari ya mbele. Kwa hiyo wazoefu walikuwa na utaratibu wao. Walianza na mahali pa mbali kabisa, kisha wakawa wanarudi polepole wakiikaribia bandari, na walijiwekea muda wa akiba mkubwa. Utaratibu huo huo ndio ninaowafundisha abiria wangu hapa Dodoma, maana treni nayo haimngoji mtu, na ukaguzi wa mizigo pale stesheni unafanana na wa uwanja wa ndege.

Najua watakaosema Dodoma si Mji Mkongwe. Si Mji Mkongwe, ni kweli. Lakini nchi hii ilikuwa ikipokea wasafiri kabla hata mji haujakuwapo. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wetu waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa maji huku ni ya shida na kila kisima kilikuwa na mwenyewe. Wajerumani walipojenga reli ya kati, ilifika hapa mwaka 1910. Baadaye, chini ya Waingereza, Barabara Kuu ya Kaskazini ilikutana na reli hiyo hapahapa, na mwaka 1932 ndege za Imperial Airways za njia ya kusini mwa Afrika zikawa zinatua Dodoma. Mji uliozaliwa na safari namna hii hauwezi kukosa cha kumwonyesha msafiri.

Mgeni akiniambia, "Kaka, nina muda mpaka saa kumi tu," namshusha stesheni ya zamani, ile ya reli ya kati. Namwambia asimame hapo kwanza aangalie, kwa sababu mji wote umeanzia pale. Hoteli ya reli ya enzi za Wajerumani iko karibu, imepanuliwa na bado inapokea wageni. Kutoka hapo aelekee katikati ya mji, apumzike Nyerere Square penye sanamu ya Mwalimu. Akae kidogo. Ni mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, uamuzi uliosubiri zaidi ya miaka arobaini kabla Serikali haijahamia kwa dhati, na jiji tukatangazwa mwaka 2018. Kisha aende kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lile lenye kuba, ambalo limetazamana na la Walutheri. Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, nao aufikie. Avae kwa heshima, aombe ruhusa mlangoni. Barabara zetu za mjini kati zina namba, kwa hiyo hata asiyejua mji anahesabu tu. Hatapotea.

Amalizie soko la Majengo. Hapo ndipo mgeni akae muda mrefu kuliko kwingine kote. Kuna mlenda mkavu, uwele, ubuyu, karanga, kuku wa kienyeji, na msimu ukiwa wenyewe kuna zabibu. Zabibu hizi tunavuna mara mbili kwa mwaka, na zililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana miaka ya 1950. Muuzaji atamwonjesha. Akiuliza, ataelezwa mengi ambayo mimi nikiwa usukani siwezi kumweleza.

Jambo moja nawaomba madereva wenzangu tuliache. Mgeni akitaja michoro ya mapangoni ya Kondoa, wengine wanamwambia, "Twende, tutawahi." Hatuwahi. Kolo, yaliko mapango hayo, iko zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, na ukifika kuna kupanda milima mpaka kwenye mapango. Ni mahali pa thamani kubwa, UNESCO waliiorodhesha michoro hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, na panahitaji mtu alale huko. Namfahamu mama mmoja aliyedanganywa hivyo, akaishia kulipia chumba na tiketi mpya, na sidhani kama atarudi Dodoma kwa hiari. Tumwambie mgeni ukweli: Kondoa ni safari nyingine, leo tembea mjini.

Wapo wanaoniuliza kwa nini mwenye bajaji anahimiza watu watembee kwa miguu. Kwa sababu aliyetembea akafurahi hurudi na watoto wake. Tena jua la Dodoma la mchana si la mchezo. Akichoka, atatafuta bajaji tu.

Sasa Jiji. Pale wanaposhukia abiria wa treni ya umeme pawekwe ramani kubwa ya mji kati, kwa Kiswahili kwanza, ionyeshe wapi pa kupanda daladala za kwenda mjini na nauli halali ya bajaji. Pawe na mahali pa kulipia na kuacha begi, kwa kuwa abiria wangu wengi wanaburuza mabegi juani mpaka wanakata tamaa. Kando ya njia pawe na vyoo safi na miti ya kivuli yenye viti. Watu waambiwe wazi wapi picha hazipigwi, hasa kwenye eneo la Bunge, ili mgeni asijikute anahojiwa na askari kwa kutokujua.

Na majengo ya zamani yawekewe vibao: lilijengwa lini, na nani, lilitumika kwa kazi gani. Mara nyingi nasimama na mgeni mbele ya jengo ananiuliza, nami sina pa kumwelekeza asome. Walimu wa historia wa shule zetu na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kuandika maelezo hayo, na mafundi wa kuchonga vibao tunao hapahapa mjini. Kazi ianzie stesheni ya zamani, kabla ya msimu wa mavuno ya zabibu unaokuja.

Wako,
Dereva wa bajaji,
Majengo, Dodoma