Tiba ya Mgongo kwa Mikono Isiyotumia Nguvu

Wateja wengi wanaotupigia simu kwa mara ya kwanza huuliza iwapo watapindwa shingo mpaka ilie. Hofu hiyo tunaielewa, kwa sababu video zinazosambaa mitandaoni huonyesha upande huo tu wa kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, ilhali sehemu kubwa ya kazi yetu hufanyika kimyakimya, kwa mgandamizo mwepesi ambao mgonjwa anaweza kuusimamisha wakati wowote kwa kusema basi.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, yaani 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na kwa upande wa nyuma pingili hizo huungana kwa viungo vidogo vilivyolainishwa na ute. Mtu akikaa kitako saa nyingi au akiinua mzigo vibaya, misuli inayovizunguka viungo hivyo hukaza ili kuvilinda, na kukaza huko huleta maumivu mengine yanayomfanya aogope hata kuinama, hivyo mgongo ukazidi kukakamaa. Tunachokusudia ni kuukata mzunguko huo. Mgonjwa hulala kifudifudi au ubavu, naye mtabibu hupapasa pingili moja baada ya nyingine akitafuta ile iliyo nzito kujongea kuliko jirani zake, kisha huiwekea kiganja na kuisukuma polepole, mbele na nyuma, akifuata pumzi ya mgonjwa mpaka misuli ianze kulegea. Mlio ukisikika, hiyo ni gesi iliyojitenga ndani ya ute wa kiungo. Si mfupa uliorudi mahali pake, na usiposikika haina maana kwamba tiba imeshindwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba ya mikono miongoni mwa njia zinazofaa, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Ndiyo maana hakuna anayetoka kwetu bila mazoezi ya kufanya nyumbani. Anayekuahidi kwamba kunyoosha mgongo kutaponya kisukari au pumu, mwogope.

Wapo pia tusiowagusa. Mwenye ganzi sehemu za siri, aliyeshindwa ghafla kutoa au kuzuia mkojo, au ambaye miguu imelegea, anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye homa, anayekonda bila sababu, aliyewahi kuugua saratani au aliyetoka kuanguka huanza kwa daktari. Kwa shingo tunakuwa waangalifu zaidi, kwani kuizungusha kwa nguvu kumehusishwa, ingawa ni kwa nadra, na kuchanika kwa mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo.

Siku ya kwanza vaa nguo zisizobana na ulete orodha ya dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Misuli inaweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili baada ya tiba. Maumivu yakizidi hapo, tupigie kabla ya miadi inayofuata.