Barua kwa Mwanangu: Kupe, Kibano na Tarehe

Mwanangu mpendwa,

Habari nyingine tutazungumza kwa simu. Hii ya kupe nimeona niiandike, kwa sababu utashinda kwenye majani marefu na mjukuu wangu pamoja na yule mbwa wenu, na siku kupe atakapoonekana hutakuwa na muda wa kukumbuka baba alisema nini. Ibandike ndani ya mlango wa kabati.

Anza na kibano. Tafuta chenye ncha nyembamba kabisa, si kile kipana cha kung'olea nyusi. Ncha pana hubana tumbo la kupe, na tumbo likibanwa, vilivyomo vinaweza kusukumwa mwilini mwako kama dawa ndani ya bomba la sindano. Shika kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, kisha vuta moja kwa moja kwenda juu, polepole, kwa nguvu ile ile. Usizungushe. Usimnyofoe kwa ghafla. Ngozi itainuka kidogo kama kihema. Tulia hapo hapo, usilegeze. Mdomo wake una miba iliyoelekea nyuma, na kupe wengi hujigandisha kwa ute unaokauka kama saruji, ndiyo maana hatoki upesi. Ataachia.

Mdomo ukikatika ukabaki ndani, jaribu kuutoa mara moja kwa kibano. Ukikataa, uache. Ngozi itausukuma nje yenyewe siku zinavyokwenda. Kuchimba kwa sindano ndiko kunakoleta usaha, wala hakuna haja, maana vijidudu vya maradhi hukaa tumboni na kwenye tezi za mate, navyo umeshavitoa pamoja na kiwiliwili. Osha mahali hapo na mikono yako kwa maji na sabuni, au pakaa spiriti.

Usimpasue kwa kucha, hata kama ni wa mbwa. Yako maradhi, kama homa ya Crimea-Kongo inayosababisha kutokwa damu, ambayo huingia kupitia mchubuko mdogo kidoleni unapomponda kupe. Mtumbukize kwenye kichupa cha spiriti, na juu yake uandike tarehe na sehemu ya mwili aliyokuwa. Daktari akihitaji kujua ni kupe wa aina gani, atamkuta hapo.

Utaambiwa umpake mafuta ya taa, vaselini, rangi ya kucha, au umchome kwa kijiti cha kiberiti. Kataa yote. Kupe hupumua mara chache sana kwa saa, kwa hiyo kumziba pumzi ni kumwongezea muda wa kunyonya. Ukimchokoza kwa moto anaweza kutema mate zaidi ndani ya jeraha, na mate hayo ndiyo tunayoyaogopa.

Sasa sababu ya kumtoa mapema, bila kupoteza saa. Mtafiti Willy Burgdorfer alipotambua bakteria wa ugonjwa wa Lyme, maradhi ya kupe ambayo mara nyingi huanza na baka la ngozi, taarifa iliyochapishwa mwaka 1982, aliwakuta ndani ya utumbo wa kupe. Huko ndiko wanakosubiri. Damu ya moto ikiingia wanazinduka, wanaongezeka, kisha wanahamia kwenye tezi za mate, na safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24. Ukimtoa kupe jioni ya siku ile ile aliyokung'ang'ania, kwa Lyme umewahi. Lakini usijenge nyumba juu ya hesabu hiyo. Rikesia, vijidudu vya zile homa za madoa, huweza kupita ndani ya saa chache, na virusi vya homa ya ubongo ya kupe viko tayari kwenye mate, vinapita ndani ya dakika. Kwa hiyo anayekuambia "bado, hajamaliza siku" umpishe apite.

Papasi ana mambo yake. Huyu ni jamaa wa kupe mwenye mwili laini, hukaa kwenye nyufa za kuta na sakafu na katika mashimo ya panya, hutoka usiku, hunyonya kwa muda usiofika saa moja, akarudi zake. Asubuhi humkuti. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kibanda kilichofungwa muda mrefu si salama kwa kuwa tu hakina mtu. Sogeza kitanda mbali na ukuta, chomeka chandarua chenye dawa chini ya godoro pande zote, na ukiona dalili za panya tafuta pengine pa kulala. Homa ya papasi hupanda kwa siku kadhaa, hushuka ukadhani umepona, halafu hurudi baada ya kama wiki moja. Homa ya kwenda na kurudi, hata kama hukumbuki kuumwa na chochote, mtajie daktari kwamba ulilala kibandani.

Kinga yenyewe haina ujanja mwingi. Kupe haruki wala hapai. Hupanda kwenye jani, akanyoosha miguu ya mbele na kungoja mtu au mnyama apite. Tembea katikati ya njia. Vaa suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, na rangi nyeupe au hafifu ili umwone akipanda. Nguo, viatu na hema vipulizie permetrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5, uviache vikauke kabisa kabla ya kuvaa. Hiyo ni ya nguo tu, si ya ngozi. Na kama kuna paka nyumbani, mweke mbali mpaka vikauke, kwani ikiwa mbichi humdhuru vibaya. Usimpake paka dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa hata tone moja. Ngozi ipake dawa ya kufukuza wadudu: DEET ya asilimia 20 hadi 30, au pikaridini ya asilimia 20. Ukitumia mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, dawa ya wadudu ije juu. Mjukuu wangu hajafika miaka 3, basi usimpake mafuta ya mkaratusi wa limau, ambayo nayo hufukuza wadudu. DEET inaruhusiwa kwa mtoto aliyevuka miezi 2, lakini uipake kwanza kwenye kiganja chako ndipo umpake yeye, na uache viganja vyake, maana anavitia mdomoni.

Mkirudi, nguo zisitupwe kitandani. Kufua kwa maji baridi hakumuui kupe. Joto kavu ndilo linalomuua. Nguo zikiwa kavu, ziingie mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika 10. Zikiwa zimelowa, zikae humo mpaka zikauke kabisa. Ogeni ndani ya saa 2, halafu kagueni mwili: kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, kiunoni palipokaa mkanda, ndani na nyuma ya masikio, na kisogoni. Usitegemee macho peke yake. Pitisha ncha za vidole. Kupe mchanga ni mdogo hata kuliko mbegu ya ufuta na anafanana na kipele. Kwa mtoto mwenye nywele nyingi tenga nywele fungu kwa fungu. Wako kupe ambao mate yao hulegeza misuli, miguu ikaanza kukosa nguvu na ulegevu ukapanda juu. Mtoto akiyumba ghafla, mtafute kupe nywelani huku mkielekea hospitali. Mara nyingi akitolewa, nguvu hurudi.

Mbwa mkague kila siku, hasa masikioni, chini ya ukosi na kati ya vidole, na mganga wa mifugo akuchagulie kidonge au ukosi wa dawa unaolingana na uzito wake. Mbwa asiyetibiwa huwaleta kupe mpaka sebuleni.

Baada ya kuumwa, tia tarehe kwenye kalenda na uhesabu siku 30. Wekundu mdogo unaotokea siku hiyo au ya pili na kutoweka ni kama ule wa mbu, usihangaike nao. Baka la Lyme hutokea kati ya siku ya 3 na ya 30, hutanuka kidogo kidogo hadi kupita sentimita 5, na mara nyingi haliumi wala haliwashi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, huonekana kama pamevilia damu. Lizungushie kalamu na upige picha kila siku ili uone kama linakua. Homa, kichwa kuuma sana, au kidonda chenye kigaga cheusi pale ulipoumwa ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Na asiyeweza tena kula nyama ya ng'ombe au ya nguruwe bila kuvimba mwili saa chache baadaye, naye ataje kupe. Mzio huo wa nyama unaoletwa na kuumwa na kupe upo.

Ukifika, usingoje waulize. Sema uliumwa lini, wapi, na kupe alikaa muda gani kwa makisio. Kipimo cha damu cha siku za mwanzo huweza kusema huna kitu, kwa sababu mwili haujatengeneza kinga ya kuonekana, na kwa homa za rikesia daktari mzuri huanza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, bila kungoja majibu. Hata mtoto mdogo hupewa. Dozi fupi haiharibu meno, ingawa hofu hiyo bado inazunguka. Kwenye maeneo ya Lyme mtu mzima huweza kupewa dozi moja ya dawa hiyo, miligramu 200, ya kujikinga, ila iwe ndani ya saa 72 tangu kupe atolewe, na daktari aamue. Usijinywee mwenyewe kwa kila kupe.

Kama utavuka kwenda sehemu za Ulaya au Asia zenye homa ya ubongo ya kupe, uliza chanjo yake mapema, kwani hutolewa kwa awamu zaidi ya moja. Haikingi Lyme.

Kibano kiwe kwenye mkoba, siyo nyumbani.

Baba yako