Malalamiko kuhusu mvinyo ulioharibiwa na joto la stoo yenu

Kwa Meneja wa Mauzo,
Tawi la Kisumu.

18 Machi 2025

Bwana Meneja,

KUH: CHUPA 6 ZA MVINYO MWEKUNDU

Tarehe 1 Machi nililipa dukani kwenu shilingi 39,000 kwa chupa 6 za Cabernet Sauvignon kutoka milima ya Santa Cruz, California. Lebo inasema zabibu zote zimetoka katika shamba la watengenezaji wenyewe, huko huko mlimani, na kwamba zimekuzwa kwa kilimo hai. Hilo ndilo lililonivuta. Baba yangu alikuwa anatimiza miaka 70, naye ana ekari 2 kule Maseno ambazo hajawahi kuzipiga dawa ya magugu. Nilitaka anywe kitu kilicholimwa jinsi anavyolima yeye.

Chupa nilizichukua stooni kwenu Ijumaa tarehe 14 jioni, siku moja kabla ya sherehe. Kesho yake nilifungua ya kwanza mbele ya wazee. Kizibo kilikuwa kimeinuka kabla sijakigusa, na shingo ya chupa ilinata vidoleni. Mvinyo wenyewe ulikuwa wa kahawia pembeni, na ladha yake ni ya zambarau zilizosahauliwa motoni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Baba alionja, akaiweka glasi mezani taratibu, akasema, "Asante, mwanangu," kisha akaomba chai.

Jumatatu nilirudi dukani. Mhudumu wenu akaniambia kuwa mvinyo wa kilimo hai ndivyo ulivyo: hauna dawa, kwa hiyo huchacha upesi. Bwana Meneja, ni jibu hilo lililonifanya niandike barua hii. Hasara ya pesa ningeivumilia, lakini mkulima kusingiziwa kosa lililotendeka stooni kwenu sitalinyamazia.

Kilimo hai ni kazi ya shambani. Kwa sheria za Marekani, shamba lazima likae miaka 3 bila mbolea wala dawa za viwandani zilizokatazwa ndipo mazao yake yauzwe kwa jina hilo. Magugu hung'olewa kwa mkono au kwa mashine, na katikati ya mistari ya mizabibu hupandwa mimea ya kushika udongo usiteremke mlima. Na mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu hizo huruhusiwa kuongezwa salfaiti ya kuuhifadhi, mradi isizidi sehemu 100 kwa milioni. Lebo ya chupa zenu inasema wazi kuwa salfaiti imo. Kwa hiyo haukuja bila kinga.

Kilichouharibu ni joto. Mvinyo unapopata moto hutanuka na kusukuma kizibo, nayo hewa ikaingia. Hutakiwa kukaa penye nyuzi 12 hadi 15 hivi. Stoo yenu niliiona kwa macho yangu: mabati matupu bila dari, makatoni yamesimamishwa kando ya ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na huu ni Machi, Kisumu inafika nyuzi 30 na zaidi. Watu husikia "mlima" wakadhani baridi ya kule huletwa na urefu wake tu. Loma Prieta, kilele kirefu kuliko vyote vya Santa Cruz, ni mita kama 1,150, karibu sawa na mji wetu huu. Kule baridi huletwa na upepo na ukungu wa Bahari ya Pasifiki. Hapa inabidi mwenye duka ailete mwenyewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari za kweli za kunisaidia kuzitumia. Nimenyimwa vyote viwili. Naomba nirudishiwe shilingi 39,000 zote. Naomba pia mniandikie kwamba mvinyo uliharibikia kwenu, nikamsomee baba, kwa maana sasa anaamini kilimo chake ndicho hutoa kinywaji cha namna ile. Na msiuze katoni nyingine kutoka stoo ile kabla hamjaweka dari na kipoza hewa.

Risiti ninayo. Chupa 3 ambazo sijafungua ziko nyumbani kwangu, vizibo vimeinuka vile vile. Tumeni mtu aje azitazame kabla ya Ijumaa.

Wako mwaminifu,
Mteja wa oda ya tarehe 1 Machi