Kwa vijana wa studio za Mtwara na Lindi mnaotaka kwenda konsevatori

Wanangu na wajukuu zangu,

Ama baada ya salamu, nawaandikia kwa sababu ya mwenzenu aliyekuja kwangu Mikindani wiki iliyopita na barua ya kukataliwa mkononi. Aliomba kusoma utunzi wa muziki wa kielektroniki katika konsevatori moja ya Ulaya, yaani chuo cha juu cha muziki. Nikamuuliza alipeleka nini. Akanisikilizisha kwenye simu biti sita, safi, besi inatikisa. Nikamuuliza mlio ule wa kwanza kautoa wapi. Akasema kwenye paketi ya sampo aliyoipakua, yaani milio iliyokwisha kurekodiwa na watu wengine. Na wa pili? Paketi hiyo hiyo. Niliumia, maana kijana ana kipaji na hakuna aliyemwambia mlango aliokuwa anabisha ni wa nyumba gani. Basi nawaambia ninyi nyote, wa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Lindi na Nachingwea, kabla hamjatuma maombi.

Konsevatori haitafuti mtengeneza biti. Huyo anahitajika sokoni, na sokoni mnapajua kuliko mimi. Singeli ya vijana wa Dar es Salaam imefika kwenye majukwaa ya Ulaya bila cheti cha chuo, nami naiheshimu. Darasa la utunzi wa kielektroniki ni jambo jingine. Pale mtu anakaa na mlio mmoja, pengine wiki nzima, akiuliza umeundwa na nini, unaanzaje, unakufaje, ukivutwa unageuka nini. Kisha anajifunza kuunda mlio ambao haujawahi kuwepo, kwa hesabu za mawimbi, kwa saketi, kwa programu anazoziandika mwenyewe.

Nilivyokuja kulielewa hilo ni hivi. Nilikuwa fundi mitambo wa redio enzi za tepu. Kwenye tepu sauti ina urefu: mashine ikienda sentimita 38 kwa sekunde, sekunde moja unaishika mkononi, shubiri moja na nusu na ushei. Siku moja nilikuwa nasafisha mwanzo wa mlio wa kengele ya shule. Nikaukata utepe mshazari kwa wembe, nikatoa sentimita mbili hivi, nikaunga. Nilipoucheza, kengele haikuwepo tena. Palikuwa na zumari, laini, inaingia polepole kama mtu anayevuta pumzi. Nilirudisha nyuma mara tatu nikidhani nimechanganya rili, yaani magurudumu ya tepu. Kumbe pigo la nyundo, sehemu moja ya ishirini ya sekunde, ndilo lililokuwa likiliambia sikio kwamba hii ni kengele. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, aliligundua jambo hilo hilo Paris mwaka 1948, tena akitumia santuri, maana tepu ilikuwa haijamfikia. Mwaka huo huo alitunga kipande kizima kwa milio ya treni. Sisi Kusini tulikuwa na treni ya mradi wa karanga, ya kwenda Nachingwea. Reli ikaondolewa miaka ya 1960, na mlio wake sijawahi kuusikia kwenye tepu yoyote.

Wala mtu asiwaambie kwamba huu ni muziki wa Wazungu tunaokwenda kuuomba. Mwaka 1944, miaka minne kabla ya Schaeffer, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kwenye ofisi ya redio ya Cairo mashine ya kurekodi juu ya waya, akaenda kuwarekodi wanawake kwenye zar. Zar ni ngoma ya kupunga pepo, mnaijua. Akarudi studio, akazipitisha sauti zile kwenye chumba cha mwangwi, akazirekodi upya hadi kikabaki kitu ambacho sikio haliwezi kukipata uwanjani. Baadaye alifanya kazi Marekani kwenye studio ya vyuo vya Columbia na Princeton. Kijana wa Mtwara anayelijua hilo hakai mbele ya jopo la usaili kama mgeni.

Sasa tazameni mlivyonavyo. Msimu wa korosho, simameni kwenye ghala la chama cha msingi gunia linapomiminwa. Korosho moja ikianguka inasema ko. Maelfu yakianguka pamoja husikii ko tena, unasikia mvua inayotembea. Pale punje zinapoacha kuhesabika na kuwa wingu ndipo palipomshughulisha mtunzi Iannis Xenakis. Mwaka 1958, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, ndani ya banda la Philips, kilisikilizishwa kipande chake cha chini ya dakika tatu kilichotoka kwenye mlio wa mkaa unaowaka. Mkaa huu huu wa jikoni! Leo ni somo zima: sauti hukatwa punje, kila punje chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kisha hutawanywa na kumiminwa upya.

Nina jambo linaloniuma hadi leo. Nilipanda Newala kurekodi sindimba. Wapigaji walizipanga ngoma pembeni ya moto, wakazigonga, wakazirudisha motoni, mpaka ngozi ikakaza na sauti ikapanda. Nilirekodi yote, hata kule kupasha. Tuliporudi tepu zilikuwa haba, na baada ya kipindi kurushwa mkubwa wangu wa kazi aliagiza rili zile zifutwe zitumike kwa habari. Nilizifuta kwa mkono wangu. Mpigaji wa ile ngoma ndogo inayochomekwa ardhini ameshafariki, na hakuacha mwanafunzi. Ninyi mna simu mfukoni. Rekodini.

Chagueni mlio mmoja wa mahali mnapoishi. Urekodini asubuhi na usiku, kwa karibu na kwa mbali, mkiikinga simu na upepo wa bahari kwa kitambaa. Halafu fungueni Pure Data, programu ya kompyuta ya kuunda na kugeuza sauti. Ni ya bure, aliiandika Miller Puckette, yule yule aliyeanzisha programu ya muziki iitwayo Max akiwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki na sauti cha Paris, miaka ya 1980, na kompyuta mpakato kuukuu inaiweza. Mwanzoni itawachosha, maana ukiifungua ni ukurasa mweupe mtupu. Vumilieni. Tungeni kipande cha dakika nne kwa mlio huo mmoja, bila paketi ya mtu, kisha andikeni ukurasa mmoja mkieleza mlisikia nini na mkafanya nini. Hiyo ndiyo kazi ya kupeleka.

Pa kupeleka papo. Ndani ya Konsevatori ya Kifalme ya Den Haag, Uholanzi, kuna Taasisi ya Sonolojia, yaani ya elimu ya sauti na muziki wa kielektroniki, iliyoanzia Utrecht ikahamia hapo mwaka 1986. Wana kozi ya mwaka mmoja, shahada ya kwanza na uzamili, na wanafundisha kwa Kiingereza. Lakini ada ya mtu asiye wa Ulaya ni kubwa kuliko ya mwenyeji, kwa hiyo ufadhili utafuteni mapema, pamoja na maombi yenyewe, msisubiri kukubaliwa. Anayetaka kwanza msingi wa ala na noti, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ipo, na Zanzibar kipo chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy. Kuanzia huko si kurudi nyuma.

Mwenzenu nimemwambia aje Jumamosi na mlio mmoja tu. Amechagua kinu cha bibi yake akitwanga makopa. Wengine nanyi njooni baada ya swala ya alasiri, kila mtu na hedifoni zake. Mashine yangu ya tepu bado inazunguka, nyembe ninazo, na nimeshairekodi kengele. Nataka kila mmoja wenu aikate kwa mkono wake.

Babu yenu,
fundi mitambo mstaafu,
Mikindani, Mtwara