Wikendi ya Mombasa ipangwe kwa saa za maji

Orodha tunazotumiwa na wateja kutoka Nairobi hufanana: Fort Jesus, Mji wa Kale, Haller Park (bustani ya wanyama huko Bamburi), boti ya sakafu ya kioo Nyali, kisha Diani jioni. Haziingii ndani ya siku mbili. Mombasa mjini ni kisiwa, na kutoka humo unapitia Makupa, daraja la Nyali au feri ya Likoni. Foleni ya magari Likoni peke yake inaweza kukumalizia saa nzima na zaidi. Kwa hiyo chagua upande mmoja wa kulala: kaskazini (Nyali, Bamburi, Shanzu) au kusini (Tiwi, Diani). Anayechagua Diani hana haja ya feri akishuka kwenye treni Miritini. Gari lipite barabara ya Dongo Kundu moja kwa moja.

Madaraka Express, treni ya abiria ya Nairobi hadi Mombasa, huondoka Syokimau saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya Ijumaa saa tisa ndiyo tunayoipendekeza: unafika kama saa mbili usiku, unakula, unalala. Ya usiku huonekana kama imekuokolea gharama ya chumba, lakini inakushusha kabla ya alfajiri, na hoteli nyingi hazikabidhi chumba kabla ya saa nane mchana. Jumamosi yote mnashinda mkisinzia, hasa mkiwa na watoto. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Tiketi hukatwa kwa *639# au mtandaoni, na shule zikifungwa huisha mapema mno. Fika kituoni saa moja kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Kisu cha kukatia matunda kiache nyumbani.

Sasa bahari, ambayo ndiyo huharibu mipango mingi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na kidogo. Karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki ya katikati, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na tofauti ya kina huwa ndogo.

Boti ya kioo inahitaji maji yaliyopwa. Hapo ndipo matumbawe na samaki huonekana karibu, na siku za bamvua hata fungu la mchanga huibuka. Kuogelea kunahitaji maji yaliyojaa. Ukiingia maji yakiwa yamepwa utatembea juu ya nyasi za bahari na mawe, penye wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia mguuni. Vaa viatu vya mpira, na viti vya pwani, wale wanyama wenye umbo la nyota, usiwatoe majini kwa ajili ya picha, hufa. Kabla ya kupanda, uliza kama bei ya boti ni ya kila mtu au ya boti nzima, na kama ada ya hifadhi ya bahari imo. Ugomvi mwingi wa ufukweni huanzia hapo. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

Msimu nao una neno. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji huwa safi zaidi. Kusi huleta mawimbi, na Aprili na Mei ni masika. Wakati huo hatumuuzii mtu safari ya boti kama jambo la uhakika.

Kwa wikendi ya bamvua, basi, Jumamosi boti saa tatu na nusu, pumzika kivulini, ogelea kuanzia saa tisa, jioni nenda bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ule mihogo ya ndimu na pilipili. Jumapili toka hotelini na mizigo ndani ya gari, uwe Fort Jesus saa mbili asubuhi. Ngome hiyo ya Wareno, iliyojengwa 1593 hadi 1596, ina uwanja mpana usio na kivuli, na kufikia saa tano jua linachoma. Itengee saa moja na nusu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji. Kisha ingia Mji wa Kale kwa miguu kupitia Ndia Kuu, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, na usimpige mtu picha bila idhini yake. Ikiwa ni Ramadhani, usitegemee kupata chakula mchana humo. Saa saba kasoro uwe njiani kwenda Miritini kwa treni ya saa tisa.

Haller Park tunaiweka akiba kwa siku ambayo bahari imechafuka, na kwa walio na watoto wadogo.

Ukituandikia, tutajie tarehe, idadi ya watu, umri wa watoto na asiyejua kuogelea. Tutakurudishia saa za maji za siku zako mbili kabla ya kukutajia bei yoyote.